Jino katika Kikombe cha Chai

Alikuwa ameinamia bomba la madrasa anywe,
na Shee nyuma yake, naye ana kiu,
akamsukuma kwa kiwiko tu, si kwa ubaya.
Shaba haina huruma wala haina makosa.
Nilisikia kilio kikipita vichochoro vitatu vya Mkomani
kabla sijamwona mtoto.

Nikamfuta kwa pindo la leso,
na pale palipokuwa na jino la mbele
pakawa na dirisha.
"Liko wapi?"
Hakujua.
Tukapiga magoti, mimi na mwalimu wake na watoto kumi,
tukapekua mchanga wa mfereji
kama watu waliopoteza kipini cha pua,
mpaka Mwanamkuu, mdogo kuliko wote, akauliza:
"Si hili?"

Bibi yake akanyoosha mkono mlangoni.
"Nipa, tulitupe yuu ya paa.
Paa litamletea lingine."

Nikalitazama. Mzizi wake mrefu
kuliko nilivyodhani jino la mtoto laweza kuwa.
"Mama, la paa tulishalitupa mwaka jana.
Hili ndilo alilolipwa.
Paa halilipi mara mbili."

Nilikuwa nimekumbuka maneno ya muuguzi,
siku nilipompeleka kaka yake,
shavu limeumuka kama mkate wa sinia,
ufizi nimeuunguza mwenyewe
kwa aspirini niliyoibandika usiku,
nikidhani dawa ni dawa popote uiwekapo.
Hakunigombeza. Alinieleza, akarudia:
likiwa la utoto, liache lende zake.
Likiwa la ukubwani, shika kichwa, usiguse mzizi,
usilisugue, usilifunge karatasini likakauka.
Una saa moja, mama. Pungufu ya hapo ni bora.

Nilijaribu kulirudisha mwenyewe.
Vidole hivi, vinavyotunga sindano gizani,
vilikataa.

Kupi wa chai alikuwa anainua sufuria.
"Maziwa!" nikapiga kelele. "Ambayo hayajachemka!"
Akamimina kikombe cha mteja aliyekuwa akingoja,
na mteja, Mungu amjaze, akanyamaza.
Jino likazama, likatulia chini kama punje ya mchele.
Jino lililokwisha kuacha umaziwa
likarudi maziwani.

Mbele yetu punda wawili wa saruji, njia imeziba.
Lali ameuma kitambaa, ananitazama kwa macho ya bibi yake.
Mimi kiganja juu ya kikombe, nusu natembea nusu nakimbia,
na kila anayenisalimu namjibu "salama"
na si salama.

Daktari wa meno, kijana wa Faza,
mikono yake midogo kuliko yangu.
"Nani aliyekwambia maziwa?"
Hakungoja jibu. Akalisuuza, akalitia, akabonyeza.
Lali akapiga ukelele mmoja
ambao hata wagonjwa wa nje waliuinukia.
Kisha waya, mwembamba kama uzi wa kikuba,
ukalifunga jino kwa ndugu zake wawili.

"Litashika?"
"Huenda. Huenda likageuka rangi.
Uji, ndizi mbivu, mswaki laini. Rudi wiki ijayo."

Nilitoka na dawa ya maumivu,
kikombe kitupu cha Kupi
na hilo neno *huenda*.
Nimelilalia siku nne.
Usiku naamka, nawasha tochi ya simu,
naangaza kinywani mwake kama mwizi.
Bado liko.

Jana magharibi Shee alikuja na mamake,
pakiti ya mabuyu mekundu mkononi,
mabuyu ambayo Lali haruhusiwi hata kuyanusa.
Akasimama kizingitini. Hakusema "samahani" aliyofundishwa njiani.
Alifungua kinywa, akagusa jino lake la mbele:
"Ning'oe na mie."

Lali akafikiri.
Akafikiri kwa muda ulionitia hofu.
Kisha, kwa midomo ambayo bado imevimba:
"Nipe mabuyu.
Nitayaweka."